PSI ngapi kwa RAV4 inayokwenda Mbeya na familia nzima?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina RAV4 iliyotoka Japani, niliinunua mwaka jana hapa Dar. Desemba tunakwenda Mbeya, watu wazima watatu na watoto wawili, na buti litajaa. Fundi pancha wa mtaani kwetu anajaza 40 kwa kila gari kubwa linalofika kwake. Shemeji yangu ni dereva, yeye anasema nishushe mpaka 28 ili gari litulie lisirukeruke kwenye matuta. Nilipoinama kuangalia tairi lenyewe nikakuta limeandikwa 51. Dukani nilikonunua matairi haya mapya wameniambia ni XL, kwa hiyo yanataka upepo zaidi, tena wanataka kuniwekea naitrojeni. Nimsikilize nani? Nimekuambatishia picha ya kibandiko cha mlangoni, lakini kimeandikwa Kijapani."

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kupiga picha ya hicho kibandiko, maana jibu lako liko hapo na wengi huuza gari bila kuwahi kukitazama. Maandishi ya Kijapani yasikutishe. Alama 前 maana yake ni mbele, na 後 ni nyuma. Chako kinasema 225/65R17 102H, mbele 220 kPa, nyuma 220 kPa. kPa na PSI ni vipimo viwili vya kitu kimoja, mgandamizo wa upepo ndani ya tairi. Ukigawa kPa kwa 6.9 unapata PSI, kwa hiyo 220 ni PSI 32. Ukikuta pampu ya sheli inasoma kwa bar, weka 2.2. Kwenye gari za zamani kibandiko huandika pia 2.2 kgf/cm², nayo inakaribia sana bar, usihangaike nayo.

Basi 32 ndiyo namba ya gari lako. Nasema ya gari, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mpira wa tairi peke yake haubebi gari. Toa upepo wote uone linavyolala kwenye ringi. Kinachobeba ni hewa iliyofungiwa ndani, na hewa hiyo lazima ilingane na uzito unaoikalia. Aliyetengeneza tairi la 225/65R17 hajui litafungwa kwenye gari gani, leo linaweza kwenda kwenye RAV4, kesho kwenye gari jingine zito zaidi. Aliyetengeneza gari ndiye anayejua uzito wake, unavyogawanyika mbele na nyuma, linavyokata kona na linavyosimama kwa breki. Yeye ndiye aliyekaa akachagua 220.

Ile 51 uliyoiona ubavuni ni ukomo. Inakwambia usivuke hapo tairi likiwa baridi, haikwambii ufike hapo. Nimewahi kuletewa gari ambalo mwenyewe alijaza 50 kwa kusoma ubavu wa tairi, akalalamika kwamba shokapu zimekufa. Shokapu zilikuwa nzima. Tulipotoa upepo ukarudi kwenye namba ya mlangoni, akaondoka na gari jingine kabisa.

Nianze na fundi wako wa 40. Sitaki kumdharau, ana sababu yake: amechoka kuona wateja wakirudi na matairi yaliyokaa miezi bila kupimwa, kwa hiyo anawajazia akiba. Lakini 40 kwenye gari linalotaka 32 ni robo nzima zaidi. Tairi linavimba katikati, linakanyaga barabara kwa kiuno chake tu, na kashata (yale meno ya tairi) za katikati zinaisha wakati za pembeni bado ni nzima. Kwenye lami yenye maji sehemu inayoshika chini inakuwa ndogo. Ukigonga shimo, tairi gumu halijikunji kulimeza shimo, linapokea pigo lote, na hapo ndipo nyuzi za ndani zinapokatika na ubavu unatoa uvimbe kama jipu. Uvimbe huo hauna dawa. Hilo ni tairi la kutupa.

Shemeji yako ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. 28 itakupa raha kwenye matuta, hilo ni kweli. Ila safari yako ni kilomita mia nane na zaidi, gari limejaa, mwezi wa joto, mwendo wa barabara kuu. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mara ishirini, kisha ukishike pale kwenye mkunjo: kina moto. Tairi lako likienda kilomita 100 kwa saa hujikunja zaidi ya mara kumi kila sekunde, saa baada ya saa. Moto huo hukaa ubavuni na kwenye bega la tairi, pale mikanda ya nyaya inapokutana na mpira. Gundi inalegea, matabaka yanaanza kuachana, na kutoka nje huoni kitu chochote.

Mwaka hadi mwaka nimefungua matairi yaliyopasuka safarini, na yaliyotembea bila upepo wa kutosha nayatambua kabla sijaambiwa. Ndani unakuta unga mweusi, laini kama vumbi la mkaa. Huo ni mpira wa ubavu uliojisaga wenyewe. Kuna na mstari umezunguka ubavu mzima kama kovu la mshipi. Mwenye gari huapa kwamba alikanyaga jiwe au msumari. Jiwe halitengenezi unga ule.

Na kwa gari refu kama lako jambo hili ni zito kuliko kwa gari dogo. Gari la chini likipasukiwa tairi la nyuma linayumba. Gari lililoinuka, lenye watu watano na mizigo, likipasukiwa kisha dereva akakata usukani kwa hofu, linaweza kubiringika. Mwezi Agosti mwaka 2000 nchini Marekani kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Kashata zilikuwa zinabanduka gari likiwa kwenye mwendo, hasa kwenye majimbo ya joto, na magari yakabiringika. Serikali ya huko ilihusisha vifo 271 na matairi hayo. Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro, hilo lazima lisemwe. Lakini katika mabishano yaliyofuata namba moja ilirudi tena na tena: Ford walikuwa wameelekeza PSI 26, na Firestone wakasema ilipaswa kuwa 30. Tofauti ya PSI nne. Ndiyo hiyohiyo iliyopo kati ya 32 yako na 28 ya shemeji.

Sheria iliyotokana na mkasa ule ndiyo iliyoleta ile taa ya njano ya tairi kwenye dashibodi. Kama RAV4 yako inayo, ifurahie lakini usiitegemee. Kwa sheria ya Marekani taa hulazimika kuwaka upepo ukiwa umepungua kwa asilimia 25. Kwa gari lako hiyo ni PSI 24. Unaweza kwenda Mbeya na kurudi kwenye 26, tairi linajisaga, na taa haijawaka hata mara moja. Na gari nyingi za Japani zinazotufikia hazina taa hiyo kabisa.

Sasa mzigo. Gari nyingi huwa na namba mbili kwenye kibandiko au kwenye kitabu, moja ya mzigo wa kawaida na moja ya gari lililojaa au la mwendo mkubwa. Chako kina moja tu. Kwa watu watano, buti lililojaa na siku nzima ya barabara kuu, mimi ningeweka 35 matairi yote manne, yaani PSI 3 juu ya kibandiko. Haitakudhuru, na upande wa nyuma utaihitaji kwa sababu mizigo ya buti hukalia ekseli ya nyuma karibu yote. Ukirudi Dar, ukawa peke yako na foleni ya Mwenge, rudisha 32. Ila usije ukafikiri kwamba upepo wa ziada unakuruhusu kuongeza gunia la viazi juu ya keria ukiwa unarudi. Ile 102 kwenye kibandiko ni kiwango cha mzigo, maana yake tairi moja hubeba hadi kilo 850 likiwa na upepo wake kamili. Ukizidisha mara nne unaona ni tani tatu na nusu kasoro, na gari lako hata likijaa halifiki tani mbili na nusu, kwa hiyo inaonekana kuna nafasi tele. Nafasi hiyo inapungua upepo unavyopungua, inapungua tena mzigo wote ukiwa nyuma, na kuweka mzigo juu ya paa hulifanya gari lipepesuke kwenye kona. Viazi vyako visafiri kwa basi.

Kuhusu XL, duka limekwambia nusu ya ukweli. XL ni tairi lililoimarishwa ili liweze kubeba mzigo zaidi, lakini mzigo huo wa ziada linaubeba kwa kupewa upepo wa ziada. Ukilinganisha XL na la kawaida la saizi ileile, yote mawili yakiwa na PSI 32, yanabeba karibu sawa. Gari lako halikuongezeka uzito siku ulipobadilisha matairi. Kwa hiyo kama saizi ni ileile 225/65R17, na kiwango cha mzigo ni 102 au zaidi, namba ya mlangoni inabaki palepale. Ingekuwa umefunga matairi ya kazi yenye herufi LT mbele ya saizi, hapo hesabu ingebadilika kweli. Hayo hutaka upepo zaidi kubeba uzito uleule, na ni lazima ufuate jedwali la mzigo la mtengenezaji wake. Wanaofunga LT kwenye Prado na kuacha upepo wa kibandiko wanafanya kosa ambalo sijui kwa nini halisemwi sana.

Naitrojeni acha. Hewa ya kawaida ni naitrojeni kwa asilimia 78 tayari. Ile ya kulipia ni kavu na huvuja polepole kidogo, lakini haikuondolei kazi ya kupima, na kama walishakuwekea, kuongezea upepo wa kawaida hakuharibu chochote.

Jambo linalofuata ningependa ulisome mara mbili. Namba zote nilizotaja, 32 na 35, ni za tairi baridi. Baridi maana yake gari limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea kilomita mbili tatu tu kwa polepole, na halikuachwa juani upande mmoja ukipigwa. Tairi likishatembea, hewa ya ndani inapata moto na PSI inapanda 4 hadi 6. Hivyo ndivyo linavyotakiwa kufanya, na mtengenezaji alishaihesabu. Sasa wewe utaondoka Dar alfajiri na 35, utafika Morogoro saa nne asubuhi, utaingia sheli, na kijana wa pampu atapima akute 40. Atakwambia, "Mama, upepo umezidi, ngoja nikupunguzie." Mkatalie kwa upole. Akikushusha mpaka 35 tairi likiwa na moto, kesho asubuhi likipoa utakuwa na 30, na utakuwa umekwenda njia nzima ya Mikumi na bonde la Ruaha Mbuyuni, kwenye joto kali kuliko yote ya safari hii, ukiwa chini ya unachohitaji. Kijana hana nia mbaya. Ameambiwa namba, hakuambiwa kwamba namba ni ya asubuhi.

Kinyume chake kipo pia. Ukipima ukiwa safarini, tairi likiwa na moto, ukakuta 33 tupu wakati mengine matatu yako 39 au 40, hilo moja linavuja. Ongeza lifikie wenzake, kisha mimina maji ya sabuni kwenye valvu na ukingo wa ringi utafute mapovu. Tofauti kati ya tairi na tairi ndiyo inayokwambia habari ukiwa njiani, kuliko namba yenyewe.

Wasafiri wa nyanda za juu huniuliza kama upepo unabadilika ukipanda mlima Kitonga. Unabadilika, na hesabu yake inanifurahisha sana, niruhusu nikupitishe. Dar uko usawa wa bahari, Mbeya uko kama mita 1,700 juu. Hewa ya nje kule ni nyepesi, na kwa kuwa geji hupima tofauti ya ndani na nje, tairi lilelile litasoma karibu PSI 2.7 zaidi. Wakati huohuo asubuhi ya Mbeya ina baridi. Ukiondoka Dar kwenye nyuzi 25 ukaamka Mbeya kwenye 14, baridi hiyo inashusha kama PSI 1.8. Zinakaribia kufutana. Utaona geji imepanda kama PSI moja hivi, iache. Taabu huja kwa anayeshuka: aliyejazia Mbeya asubuhi kwenye kipupwe cha Julai akaja kukaa Dar, joto linampandishia, kimo kinamshushia, anafikiri geji ni mbovu.

Geji nayo nunua yako. Za sheli zimeanguka chini mara mia, zimeburutwa, zimekanyagwa na malori, na nimeshaona mbili za kituo kimoja zikitofautiana PSI 5 kwenye tairi moja. Hata ya bei nafuu, ya kalamu au ya mshale, mradi ni ileile kila mara, utajua tairi limepanda au limeshuka. Kaa nayo kwenye droo ya dashibodi, pima mara moja kwa mwezi na asubuhi ya kila safari ndefu. Tairi zima hupoteza kama PSI moja kwa mwezi bila kuwa na tundu lolote, na wengi hawajui hilo.

Ukifika kule, kama nyumbani ni mbele zaidi ya lami, hapo shemeji yako atapata haki yake. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawe na rasta (ile mikunjo inayotetemesha gari), au utelezi wa Desemba, 28 inafaa, mradi mwendo usivuke 50 au 60. Tairi lililolegea kidogo linazunguka jiwe badala ya kulipiga, na linakanyaga tope kwa eneo kubwa. Ukizama kabisa unaweza kushusha hadi 20 kwa mita chache za kujinasua, mwendo wa mtu anayetembea. Ndugu zetu wa Omani wanaoingia kwenye mchanga wa Sharqiya hushuka hadi 15 hivi, lakini pampu ndogo ya umeme wanayo ndani ya gari, na hawagusi lami kabla hawajajaza tena. Kama huna pampu, usishushe.

Kabla ya hayo yote, inama tena ubavuni utafute neno DOT na tarakimu nne za mwisho wa mstari wake. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Umesema matairi ni mapya. Mapya kwako au mapya kutoka kiwandani? Tairi lililokaa stoo miaka minane linang'aa kama jipya ukilipaka dawa, na mpira wake umekauka. Tarakimu zikionyesha hivyo, hakuna PSI itakayokusaidia, rudi nayo dukani kabla ya Desemba.

Na spea. Kama yako inaning'inia mlango wa nyuma, jua linaipiga, na hakuna anayeipima. Kama ni kubwa sawa na mengine, iwekee 38, ni rahisi kutoa upepo kando ya barabara kuliko kuupata. Kama gari lako limekuja na ile nyembamba ya dharura, hiyo hutaka PSI 60 na haivuki kilomita 80 kwa saa.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari liegeshe gari nyumbani, usilipeleke popote. Alfajiri, kabla hujapakia watoto, pima matairi manne na spea. Likipungua moja, nenda sheli ya karibu taratibu ukaongeze hadi lifike 35. Uandike namba tano kwenye karatasi uiache garini. Utakapoamka Mbeya pima tena kabla gari halijawashwa, kisha niandikie zote kumi, za Dar na za Mbeya. Kama kuna tairi limeshuka wakati mengine yamepanda ile PSI moja, nitakwambia cha kutafuta kabla hujaanza safari ya kurudi.